Kabla ya kuchimba kisima kipya, rudi kwenye kile cha zamani

Jumamosi iliyopita nilivua mkufu. Walio kwenye klabu za kujitolea wananielewa: ule mkufu mzito wa rais, wenye vibao vya majina ya waliotangulia, unaokukwaruza shingo kila mkutano na kuharibu blauzi nzuri. Mwaka wetu, kama ule wa Rotary na Lions, huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Ukishavishwa mkufu una siku 365 za kuonekana umefanya kitu, kisha unamvisha mwenzako na kurudi kukaa meza ya nyuma na wazee.

Asubuhi ya Jumapili, miguu bado inauma kwa viatu vya sherehe, nikapata ujumbe wa kijana mmoja wa Kakamega. "Habari Mama. Sisi ni klabu ya vijana, tuko 22, tumechanga shilingi 80,000. Tunatafuta mradi wa mwaka, uwe ule unaoonekana haraka. Nyinyi wa Nakuru mlifanyaje ule wa matangi ya maji ya mvua?"

Nilianza kumjibu kwa simu nikaona kidole kitachoka. Kijana wangu, jibu lako ndilo hili, na wengine wasome. Ila matangi hayakuanza na matangi. Yalianza na aibu.

Mwaka wa 2022 nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya miradi. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, kwa hiyo watu hudhani najua kila kitu kinachohusu bomba na saruji, na mimi sikuwasahihisha. Rais wa mwaka ule alitaka kisima. Si kisima cha kamba na ndoo, kile kirefu cha mashine, chenye pampu ya sola na tangi juu ya mnara. Shule ilipatikana, upande wa Njoro, watoto kama 400, mto mbali. Miezi minane ya mikutano, barua, matembezi ya hisani na kubembeleza wafadhili naiacha, hakuna asiyeijua. Kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji tulikipata, mtaalamu wa kupima ardhi tulimlipa, mashine ikaja usiku kwenye lori.

Siku maji yaliporuka sitaisahau. Kwanza vumbi jeupe kama unga, kisha tope la kijivu, kisha kishindo, maji yakapanda juu ya vichwa vyetu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akavua kofia akanawa uso palepale, na koti lake la Jumapili. Mimi nililia. Picha ipo, nimeshika simenti na bomba kama bibi harusi aliyeshika maua. Tukaweka jiwe la marumaru ukutani, na jina langu ni la tatu kutoka juu.

Tukaondoka. Tarehe 1 Julai rais mwingine akavishwa mkufu, naye alikuwa na miti yake ya kupanda.

Nilirudi pale shuleni baada ya miezi kumi, na si kwa wema. Kulikuwa na fundi wa mabati jirani na shule aliyekuwa na deni langu. Nikapita langoni nikaona mkokoteni wa punda umesimama, mitungi ya njano imepangwa, na mama mpishi wa shule anahesabu sarafu. Ananunua maji. Shilingi 20 mtungi. Mita thelathini kutoka kwenye jiwe langu la marumaru!

Nikamwuliza, sauti imeshapanda, kama pampu imeharibika. Akasema hapana Madam, pampu inafanya kazi vizuri sana. Akamwita mtoto wake, msichana wa darasa la sita, akamwambia atabasamu. Meno ya mbele yalikuwa na mistari ya kahawia, kama kikombe cha chai kilichokaa bila kuoshwa. "Huyu alikulia kwa maji ya kisima kule kwa nyanya yake. Sisi wa huku tunayajua maji ya chini. Mama yangu alikuwa akitukataza tukiwa wadogo. Hamkutuuliza."

Hamkutuuliza. Niliendesha gari hadi mjini na neno hilo tu.

Dukani nikatoa faili la mradi, nikalifungua juu ya kaunta katikati ya misumari. Karatasi ya maabara ilikuwamo. Imepigwa muhuri, imekunjwa mara mbili, ndani ya bahasha iliyofunguliwa upande mmoja tu, kumaanisha kuna mtu aliyechungulia akaona namba na kuirudisha. Kipimo cha mwisho cha floraidi, madini yanayokuwamo majini, kinachokubaliwa, cha Shirika la Afya Duniani na cha Kenya pia, ni miligramu 1.5 kwa lita. Yetu ilikuwa zaidi ya mara tatu ya hapo. Na tarehe ya karatasi ilikuwa wiki mbili kabla ya kuzindua. Wiki mbili! Tulikuwa tunabishana rangi ya fulana.

Kwa mtu wa Kakamega labda hili ni geni, kwa hiyo nieleze. Bonde la Ufa limejaa mawe ya volkano, na maji yanayokaa ndani ya mawe hayo hubeba floraidi. Kidogo hukinga meno. Ikizidi, mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanaumbika ndani ya ufizi hupata madoa yasiyotoka kwa mswaki wala kwa maombi, na ukinywa nyingi kwa miaka mingi hata mifupa huumia. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua sufuriani na floraidi inabaki palepale. Kilichoniuma zaidi ni kwamba elimu hii iko hapahapa mjini kwetu: Dayosisi Katoliki ya Nakuru imeshughulika kwa miaka mingi na vichujio vya mkaa wa mifupa, mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambavyo hufyonza floraidi. Ningevuka barabara na kuuliza. Sikuvuka.

Nilipeleka habari kwenye mkutano. Mmoja akasema tusiwatangazie watu. Mwingine akasema ule ni mradi wa mwaka uliopita, umefungwa kwenye vitabu. Wa tatu, na huyu tunakula naye chakula cha mchana hadi leo, akatunga jina, Kisima cha Meno, likakaa. Hata mwaka jana nilipokuwa nagombea urais kuna mtu aliandika kwenye kundi la WhatsApp, "tumchague Madam Meno", na vicheko vinne chini yake. Nimevihesabu. Nawajua wote wanne.

Sasa ushauri. Ni mmoja tu, nitausema kwa njia nyingi: rudi. Kabla hujafikiria mradi wa mwaka huu, chukua faili la mwaka jana na la mwaka juzi, panda matatu, nenda kaangalie. Bila kamera na bila kumwarifu mwalimu mkuu, maana ukimwarifu utakuta watoto wamepangwa mistari wanaimba. Nenda saa nne asubuhi, simama langoni, uone maji yanatoka wapi.

Nilipovishwa mkufu Julai mwaka jana, kila mtu alikuwa akiningoja niseme mradi wangu. Nikasema sina. Nikasema tunarudi Njoro. Kulikuwa na kimya kile cha watu wanaotazama sahani zao. Klabu hazipendi kurudi. Kurudi hakuna utepe wa kukata.

Tulikaa na akina mama chini ya mkaratusi, mimi kwenye benchi la darasa la kwanza, magoti yakinigusa kidevu. Safari hii niliuliza na kunyamaza, kazi ngumu kwa mwenye duka. Wa kwanza kusema alikuwa yule mama mpishi. Hakuomba kisima wala kichujio. Akatupeleka nyuma ya jiko. Kulikuwa na tangi la plastiki la lita 5,000, limepauka kwa jua, lina jina la wafadhili wengine kabisa waliopita hapo miaka iliyopita. Kavu. Ndani kuna mpira wa watoto na majani. Gata ya ukingoni mwa paa iliyokuwa ikililetea maji ya mvua ilikatika kiungo kimoja, maji yakawa yanamwagika ukutani, na hakuna aliyerudi.

Kiungo hicho nakiuza dukani kwangu. Bei yake haifiki ya fulana mbili zenye nembo.

Tulikirekebisha wiki hiyohiyo, tukasafisha tangi, na mvua ya Agosti ikalijaza. Kijana wangu wa Kakamega, soma hapo tena. Na 80,000 yenu msitafute shule mpya. Tafuteni matangi ya watu wengine yaliyokauka. Yapo kila kata.

Baada ya hapo ndipo tukaongeza manne ya lita 10,000. Hesabu yake si ngumu, na nawaomba muifanye kabla ya kuchangisha, si baada: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Jengo la madarasa manne la mita 30 kwa 8 lina mita 240 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 10 inakupa lita 2,400. Toa sehemu inayoruka na kuvuja. Lita 40,000 kwa watoto 400, kila mmoja lita moja ya kunywa, ni siku 100 za shule, zaidi ya muhula. Si maji ya kufulia. Ya kufulia, ya kudekia, ya vyoo, yanatoka kwenye kisima changu, ambacho hatukukifunga. Tumeandika juu ya mfereji kwa rangi nyekundu: SI YA KUNYWA. Rangi nilinunua mimi na brashi nilishika mimi, chini ya jiwe lenye jina langu, na watoto wakitazama.

Mtaniuliza, kwa nini si kichujio cha mifupa? Tuliwaza. Kinafanya kazi, lakini mkaa ule huchoka, lazima ubadilishwe, na rais wa mwaka kesho kutwa atakuwa na miti yake. Gata ikikatika mtu yeyote mwenye macho anaona. Mkaa ukichoka maji yanatoka yakionekana safi vilevile.

Kuhusu matangi na mimi. Ndiyo, nauza matangi. Ndiyo, nilijua watasema. Tulichukua bei za maduka matatu, bahasha zikafunguliwa mezani mkutanoni mbele ya wote, na duka langu halikuwamo. Tulinunua kwa mshindani wangu wa barabara ya pili, kwa bei ambayo mimi ningeipunguza. Nilimsaidia kupakia. Mali bila daftari hupotea bila habari, tulifundishwa shuleni, na daftari letu lilikuwa wazi mpaka risiti ya nauli ya punda. Bado kuna aliyenong'ona kwamba nilikula. Kwa hiyo msidhani daftari litawaziba watu midomo. Litakusaidia usiku kulala, basi. Wewe mweka hazina unayesoma, andika. Wewe rais mpya, mwonyeshe mweka hazina wako heshima, na usimpigie simu saa tano usiku ukitaka pesa za keki ya uzinduzi.

Na muache kuwapiga watoto picha wakipokea vitu. Nimesema. Mtoto wa darasa la sita aliyeshika pakiti ya sodo mbele ya wanaume wanane wenye fulana za njano, hilo si jambo la hisani. Serikali yenyewe imewekewa sheria tangu 2017 kuwapa wasichana wa shule sodo bure. Kama hazifiki, kazi yenu ni kuuliza kwa nini hazifiki, na swali hilo halipigwi picha. Tafadhali. Rudini mlikokwenda. Waulizeni wapishi, wapishi wa shule wanajua kila kitu, na kaeni kwenye benchi dogo.

Jumamosi kwenye sherehe, rais mpya alitaja mambo mengi ya mwaka wangu. Matangi aliyataja ya mwisho, kwa sentensi moja, akakosea idadi. Kisha akatangaza mradi wake: kisima, upande wa Rongai. Nilisimama mbele ya watu 90 na wali mdomoni nikauliza kama maji ya eneo hilo yamepimwa. Mwenyekiti wa sherehe akasema tutalijadili kwenye kamati. Jumatatu nikamtumia rais picha ya ile karatasi yetu ya maabara. Ameisoma, alama mbili za buluu zipo. Jibu bado.

Leo mchana mama mpishi amenipigia. Nyigu wamejenga ndani ya gata ya darasa la tatu, maji yanarudi nyuma. Nikamwambia mkufu si wangu tena, ampigie rais mpya, nimpe namba. Akasema, "Madam, mimi sitaki rais. Lete ngazi, ya shule ilivunjika." Ninayo ya futi 12. Nitaenda Alhamisi nikishafunga duka.