Kwa nini mtu anapinduka kwenye kiunzi, na ufanyeje usipinduke

Jana kijana mmoja kaniandikia, ametoka kurudia kuangalia fainali ya Paris 2024 ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, pale Lamecha Girma wa Ethiopia, mwenye rekodi ya dunia ya 7:52.11, alipogonga kiunzi mzunguko wa mwisho akaanguka vibaya akatolewa kwa machela. Anauliza, mtu mkali hivyo anaangukaje?

Sikia ndugu yangu. Kiunzi cha wanaume kina sentimita 91.4 na si kama vile vya mita 110 vinavyolala ukivigusa, hiki ni kizito, hakiendi popote. Anayemaliza kwa dakika nane anaenda wastani wa mita 6.25 kila sekunde, sasa goti likinasa, mguu unazuiwa lakini kiwiliwili kinaendelea na kasi ileile, kama abiria aliyesimama kwenye matatu dereva akifunga breki ghafla. Na ukiwa hewani kitovu cha uzito wako, kwenye usawa wa nyonga hapo, kiko juu ya ubao, kwa hiyo unagongwa kwa chini na unazunguka kichwa kikitangulia, na hewani huna pa kushika.

Mimi haya nayajua kwa mwili wangu. Nina mita 1.65, nikisimama kando ya kiunzi ubao unafika karibu kabisa na hicho kitovu cha uzito, na kuna kocha alinitoa kwenye timu mbele ya wenzangu, eti wafupi wakatafute mchezo mwingine. Mpaka leo inaniuma. Nikajifua peke yangu, nikarudi nikawa nawaacha hao warefu wake, na Jumamosi iliyopita binti ninayemfundisha, mfupi kuniliko, kashinda bila kugusa ubao hata mmoja!

Kitu kikubwa ni kasi. Watu wakikiona kiunzi wanaogopa, wanakata hatua, wanafika karibu mno, inabidi wapae wima na goti la nyuma linakosa nafasi ya kupita. Wewe ongeza mwendo hatua za mwisho, ruka ukiwa mbali, inamisha kifua, goti la nyuma lifungue kando lije karibu na kwapa. Usipunguze kasi jamani, narudia, usipunguze, hasa ukiwa umechoka, maana hapo ndipo miguu inagoma kupanda. Hatua zikikataa kukaa sawa kanyaga juu ya ubao upite, sheria inaruhusu. Na kama ndio unaanza, tumia kile cha wanawake cha sentimita 76.2, mguu wa nyuma ukizoea ndio upandishe.