Kengele Inalia Sijafika Hata Kwenye Familia

SWALI: Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa tatu wa udaktari, na mtihani wa OSCE unakaribia, ule wa vitendo wa kupita kituo hadi kituo kwa muda maalumu. Kituo kinachonitesa ni cha kuchukua historia ya mgonjwa. Orodha naijua yote: tatizo kuu, ugonjwa ulivyoanza, magonjwa ya zamani, dawa, familia, maisha ya nyumbani. Lakini nikikaa mbele ya mtu, dakika 8 zinayeyuka na kengele inalia sijafika hata kwenye familia. Nijiandaeje?
Mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimesimamia mitihani hii miaka mingi, na wanaoishiwa muda karibu wote ni wale wanaouliza mno mapema. Kijana anaingia: "Shikamoo bibi, una miaka mingapi, unaishi wapi, dini gani?" Bibi wa watu anaitikia marahaba mwenzie ameshafika kwenye dini! Tangu hapo ni ndiyo na hapana tu, na kila ndiyo inadai swali jingine.

Salimia, usubiri kuitikiwa. Mpe pole, jitambulishe, omba ruhusa. Kisha, "Nini kimekuleta hospitali?" Halafu nyamaza. Mgonjwa akiachiwa nafasi, kwa dakika moja tu atakutajia siku alipoanza kuumwa, vidonge alivyonunua dukani na dada yake mwenye sukari. Hiyo familia unayoililia imekuja yenyewe. Wewe ziba mapengo yaliyobaki.

Na uyazibe kwa namna mtu anavyoishi. Mnafundishwa kuuliza analalia mito mingapi, mjue kama moyo umezidiwa hata akilala chali anakosa hewa. Nyumba nyingi kila mtu ana mto mmoja, kama upo. Mama atajibu "mmoja", nawe utaandika hana shida, kumbe wiki nzima analala ameegemea ukuta. Muulize: "Ukilala chali unapumua vizuri? Huwa unashtuka usiku unatafuta hewa?" Pombe nayo ni hivyo hivyo. Huku kwetu Kilimanjaro mzee ataapa hanywi, mtajie mbege, atakwambia, "Aa, hiyo kidogo tu, jioni." Kwenye dawa, taja za dukani, miti shamba, na zile za presha alizoziacha alipopata nafuu.

Swali ambalo wengi wanaliruka, na mara nyingi lina maksi zake: "Wewe mwenyewe unahisi ni nini? Unahofia nini?" Akisema amelogwa, usicheke wala usibishane naye. Endelea kumsikiliza.

Dakika ya mwisho mrudishie kwa ufupi ulichosikia, umwambie akusahihishe. Ulichosahau kuuliza, mara nyingi utakikumbuka hapo.

Mazoezi usiyafanye na daftari. Kaeni watatu: daktari, mgonjwa, na mwenye saa na karatasi ya maksi. Mgonjwa asiwe mwepesi. Awe mzee msahaulifu, au binti aliyesindikizwa na mama mkwe, uone utamwombaje mama atupishe kidogo kabla hujauliza mambo ya hedhi. Hilo jifunze kulisema kwa sauti, maana kichwani huwa linaonekana rahisi.

Jioni nenda wodini. Mwombe nesi wa zamu akuonyeshe mgonjwa anayependa kuongea, na siku ya pili yule asiyependa.