Maswali na majibu: Ada umelipa, haya, na mtoto je?

Maswali ya wazazi kuhusu masomo ya watoto ni mengi na nusu yake ni yaleyale, nimechagua machache, wengine mtajikuta humohumo.

SWALI: Mimi shule niliishia njiani, mwanangu sasa kanipita, hata madaftari yake siyaelewi. Nitamsaidiaje?

Wanaouliza hivi huwa wanajidharau bure. Nani kakwambia kumsaidia mtoto lazima ujue hesabu? Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, Hill na Tyson, walikusanya tafiti 50 hivi za watoto wa umri ule wa kuanza kubalehe, wakaangalia mzazi akifanya nini mtoto anafaulu. Kilichoongoza ni maongezi, yaani mzazi kumwambia mtoto elimu ina faida gani, anategemea afike wapi, anachosoma leo kinahusiana vipi na anachotaka kuwa baadaye. Kilichoyumba ni kusaidia homuweki! Sasa hicho unachokililia ndo chenyewe chenye faida ya mashaka. Mwambie akueleze walichofundishwa leo, we kaa usikilize, uliza "kwa nini iko hivyo?", akikwama atajua mwenyewe pa kurudia. Ukiwa hujui sema "sijui, kamuulize mwalimu kesho uje unifundishe na mimi". Halafu angalia analala saa ngapi, hilo nalo halitaki cheti.

SWALI: Homuweki ya hesabu kila jioni ni kelele na machozi. Niendelee kukaa naye?

Kwani wewe mwenyewe hesabu unaziogopa? Jibu kwa ukweli, maana kuna utafiti ulitoka 2015, wa watoto wa darasa la 1 na la 2 huko Marekani: wazazi wenye hofu ya hesabu waliokuwa wanasaidia homuweki mara kwa mara, watoto wao walijifunza hesabu kidogo zaidi mwaka ule na hofu wakaipata na wao, ila wenye hofu ileile ambao hawakuwa wanaingilia sana, shida hiyo haikuonekana. Mpe meza, mpe utulivu, zima TV, ondoka. Na nyie mnaowaandikia watoto majibu ili wasiaibike acheni, mwalimu anaona vyote sahihi anadhani darasa limeelewa anasonga mbele.

SWALI: Nikimlinganisha na dada yake si ndo atajitahidi?

Hapana. Atamchukia dada yake.

SWALI: Shule na nyumbani, kipi kina nguvu zaidi?

Inategemea uko wapi. Ripoti ya James Coleman ya 1966, Marekani, wanafunzi zaidi ya 600,000, ilionyesha hali ya familia inaeleza tofauti za matokeo zaidi kuliko majengo na vifaa vya shule, na tangu hapo kila mwalimu mvivu anaitumia kama kinga, "tatizo ni nyumbani kwao". Wanaruka kipande kingine: Heyneman na Loxley mwaka 1983 waliangalia nchi 29, wakakuta kadiri nchi ilivyo maskini ndivyo ubora wa shule na mwalimu unavyobeba uzito mkubwa zaidi. Kwa hiyo mzazi usikate tamaa kwa sababu huna hela, na mwalimu usijifiche nyuma ya umaskini wa mtoto. Mkutano wa wazazi ukiitwa nenda, ukifika uliza watoto wanafundishwaje, siyo kukaa kimya kusubiri posho ya soda.

SWALI: Ada nalipa kwa wakati, vitabu nanunua, mama yake ndo anashughulika na mambo ya shule. Kuna shida gani?

Shida ni kwamba umejifanya mhasibu wa watoto wako, unaonekana siku ya malipo na siku ya ripoti, na siku ya ripoti unakuja na mkanda. Mtaje mwalimu wake wa hesabu hapahapa bila kumuuliza mkeo. Nasubiri.

SWALI: Nimeachana na mwenzangu, watoto watafeli?

Siyo lazima. Kinachowaumiza zaidi ni yale yanayokuja na kuachana: kipato kushuka, kuhamahama shule, na ninyi wawili kugombana mbele yao. Kuna nyumba wazazi wako pamoja na vita haviishi, watoto huko wana hali mbaya kuliko wa kwako. Shule ipate namba za simu za wote wawili, na mtoto msimfanye tarishi wa ugomvi wenu.

SWALI: Mtoto wangu hafanyi vizuri shuleni, nifanye nini, nimuweke tuisheni?

Jamani. Ana miaka mingapi? Somo gani? Alikuwa vizuri akashuka au tangu mwanzo yuko hivyo? Maana akishuka ghafla kuna kitu, anaonewa, anaumwa, kuna mtu anamtisha, na tuisheni haitibu hayo, na mtoto anayeogopa kwenda shule msikilize kabla hujamwita mvivu. Kama tangu mwanzo anasoma kwa kubahatisha, anasogeza daftari puani, ukimwita hageuki, mpime macho na masikio kwanza, ndo uniandikie tena, na safari hii umri uweke.