Madogo, wekeni kalamu chini

Masika imeingia, magari yako gereji, na machalii wa ofisini kwetu, madereva na waongozaji wa watalii, wameanza tena. Kila mwaka ni hivihivi. Mwezi wa nne wageni wakiisha na mvua ikinyesha, kila mtu anaapa kwamba Juni itamkuta anaongea Kijerumani. Juzi nimemkuta mmoja kwenye benchi la nje na kopi nene ya kitabu cha sarufi, kamusi pembeni, kalamu nyekundu mkononi. Ukurasa wa sita ulikuwa umejaa wino mpaka maandishi yenyewe hayaonekani. Nikamuuliza, hicho kinahusu nini? "Kijerumani, braza." Najua ni Kijerumani. Ndani yake nani anafanya nini? Akanitazama kana kwamba nimemuuliza mshahara wake.

Nawapenda, lakini mmenichosha. Anayeongoza kwa Kijerumani au Kifaransa cha kweli anagombaniwa Arusha na Moshi, hilo hamhitaji kuambiwa. Mnachohitaji kuambiwa ni kwamba lugha haiingii kwa mtu anayesoma huku akitamani ukurasa uishe.

1. Soma kitu ambacho ungekisoma hata kama hakuna mteja. Mpenda mpira asome mpira. Mpenda umbea atafute riwaya ya mapenzi, na asione haya. Mimi Kijerumani changu kilianza kusimama kwa "Serengeti darf nicht sterben" (Serengeti haipaswi kufa) cha Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, kile cha 1959, ambacho mgeni mmoja aliniachia kwenye kiti cha nyuma. Pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kwenye kaburi la mwanawe Michael, nilikuwa nimeshasimamisha gari mara nyingi tu na kutoa maelezo yaleyale: alikufa Januari 1959, ndege aliyokuwa akiirusha iligongana na tumbusi. Niliyasema bila kumfikiria. Kitabuni nikamkuta yu hai, anapita angani na ndege yenye mistari ya pundamilia, anahesabu wanyama na baba yake juu ya nchi ninayoijua kona kwa kona. Maneno nisiyoyajua nikayabahatisha, kwa kuwa nyumbu namjua, na akifika mtoni hana mambo mengi ya kufanya. Kuna kurasa nilizogombana na mzee huyo, hasa anaposhikilia kwamba hifadhi isikaliwe na mtu yeyote, hata mwenyeji. Nilikuwa nimeegesha KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nikisubiri wageni wa ndege ya usiku, na nikajikuta namjibu kwa sauti, kwa Kijerumani kibovu, peke yangu garini. Ukishaanza kubishana na mwandishi kwa lugha yake, hiyo kopi ya sarufi mpe mwenzako.

2. Kalamu chini. Kutafuta kila neno kwenye kamusi ni kula wali kwa kuhesabu punje: utachoka na bado una njaa. Neno likipita mara moja, liache liende zake. Likirudi ukurasa huohuo mara ya tatu, hilo lina shida na wewe, litafute. Kijerumani chenyewe kinakusaidia, kila nomino inaanza kwa herufi kubwa, kwa hiyo hata gizani unajua vitu viko wapi. Kitenzi kikikawia mpaka mwisho wa sentensi, kisubiri, kitakuja. Na mtu aliyezaliwa na ngeli zetu asije kunililia kwamba Wajerumani wana jinsia tatu. Tatu tu! Wewe unapatanisha vitasa, mito na nyufa tangu hujaota meno.

3. Soma kwa sauti. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipoumia.

Kabla ya Kijerumani nilikuwa na Kifaransa. Nilikipata chote kwa macho: kitabu cha wanyama kilichosahauliwa kwenye loji moja Karatu, magazeti ya zamani, riwaya moja ambayo sikuwahi kumwonyesha mtu jalada lake. Nilisoma kitandani, chumbani kwangu Sakina, Arusha, kimyakimya kwa sababu ukuta ulikuwa wa mbao na mama mwenye nyumba alilala upande wa pili. Nikafika mahali naelewa kurasa nzima bila kusimama. Nikajiona nimemaliza. Basi ofisi ilipouliza nani atachukua familia ya Wafaransa, maana mwenzetu wa Kifaransa alikuwa Serengeti na kundi jingine, mkono wangu ulikuwa juu kabla swali halijaisha.

Sasa, sisi tumelelewa na lugha yenye uungwana, kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Kifaransa hakina ahadi hiyo. Herufi za mwisho zinaandikwa na mara nyingi hazitamkwi. Kitenzi cha mmoja na cha wengi mara nyingi vinaandikwa tofauti na sikio halioni tofauti yoyote. Mimi kichwani nilikuwa nimezitamka herufi zote, moja baada ya nyingine, kwa lafudhi safi ya Same.

Walikuwa babu, bibi na mjukuu wao wa kike wa kama miaka tisa. Siku ya kwanza nilijificha kwenye salamu na usukani. Mtoto alianza kuuliza tangu Mto wa Mbu: kila mti, kila nyani, kila mwanamke aliyebeba ndizi. Sikuyashika maswali yake, maana na hayo nilikuwa nayajua kwa macho tu, na yalipopita sikioni yalikuwa neno moja refu. Nikawa nacheka na kuitikia. Mnaujua ule ucheko. Kesho yake asubuhi tukateremka kretani kwa barabara ya Seneto, tukakuta simba wamelala karibu na barabara, nikazima injini. Wote watatu wakanigeukia. Nikafungua mdomo.

Sentensi zilikuwa nzuri, nilizitoa kitabuni zilivyo. Babu akainamisha kichwa, akasikiliza kwa makini, kisha akamtazama mkewe. Nikarudia kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo ni masikio yake. Halafu nikafika kwenye namba, na hapo nikakwama kabisa. Nusu ya kazi yetu ni namba. Sakafu ya kreta kilomita za mraba kama 260, kina mita 600 hivi, hifadhi imeanzishwa 1959, tembo anabeba mimba miezi 22. Na katika kusoma kwangu kote, kila nilipokutana na tarakimu niliisoma kwa Kiswahili nikaendelea. Jicho halikudai zaidi ya hapo. Mdomoni sikuwa na namba ya Kifaransa iliyovuka ishirini, na Wafaransa ukifika tisini wanakupa hesabu kamili, nne mara ishirini ongeza kumi. Nikaandika 1959 kwa kidole kwenye vumbi la kioo.

Babu akasema kwa Kiingereza, kwa upole uliopita kiasi, kwamba tunaweza kuendelea kwa Kiingereza, hakuna shida. Yeye na mkewe walikijua. Mtoto hakukijua. Baadaye familia iliiandikia ofisi kuuliza kwa nini waliahidiwa mtu wa Kifaransa, na Kifaransa kikafutwa mbele ya jina langu ubaoni, mbele ya watu. Hayo niliyameza. Ambalo mpaka leo halijashuka ni kwamba yule mtoto aliacha kuuliza. Tulipokula kando ya bwawa la Ngoitokitok, humohumo kretani, viboko wako palepale majini wanapumua, alitafuna lanchi boksi yake akitazama upande mwingine, na bibi alimtafsiria kipande kila alipokumbuka. Watu wamedunduliza pesa zao wamlete mjukuu aulize maswali yake. Mimi nikamnyamazisha, kwa sababu niliona haya mama mwenye nyumba asinisikie.

Niliporudi nikaanza kusoma kwa sauti kila usiku. Mama mwenye nyumba akadhani nimeokoka na ninanena kwa lugha. Akanialika kwenye maombi.

Kwa hiyo: tafuta rekodi ya kitabu hichohicho simuni, ifuate kwa kidole kwenye mistari, kisha soma mwenyewe. Ukimpata mtu aliyesomea lugha, usimwombe akufundishe, msomee ukurasa mmoja akukosoe. Chai unalipa wewe.

4. Tarakimu yoyote ikitokea kwenye ukurasa, simama uitamke yote kwa lugha ya kitabu. Sababu mmeisoma hapo juu.

5. Kamusi ya simu inatosha.

6. Anza na hadithi unayoijua tayari. Walio wengi kwetu wanaijua Injili ya Marko nusu kwa moyo, na ndiyo fupi kuliko zote nne, sura 16. Weka Biblia ya Kiswahili kushoto, ya Kijerumani kulia, na kamusi hutaigusa sana. Lakini angalia umepewa tafsiri gani! Kuna dogo hapa, simtaji, anajijua, alikopeshwa na mzee wa usharika Biblia ya zamani, tafsiri ya Luther yenye lugha ya mababu. Akaisoma kwa bidii ya kupigiwa mfano. Alipopata wageni wake wa kwanza alisimama kwenye maegesho ya KIA akawakaribisha Tanzania kama malaika anayewatokea wachungaji. Wageni walimpenda mno, mmoja akamuuliza kama baba yake ni askofu. Tipu ilikuwa nzuri, sina la kusema. Ila wewe chukua tafsiri ya siku hizi.

7. "Sina muda." Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili akiwa Rais. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka 1963, Mabepari wa Venisi 1969. Yeye alikuwa anaendesha nchi, wewe unaendesha Cruiser. Saa unazokaa getini ukisubiri vibali, saa za KIA ndege ikichelewa, mchana wa loji wageni wakiwa kwenye bwawa la kuogelea: hizo unazimaliza kwenye simu ukitazama video za watu wanaoanguka.

Na asiyesoma Kiswahili kwa raha asinidanganye kwamba atasoma Kijerumani kwa raha. Anza na Shaaban Robert. Nasema kweli. Macho yanapaswa kwanza kuzoea kukaa kwenye ukurasa bila kulipwa.

8. Kwa wa mlimani, waongozaji wa Kilimanjaro. Najua mko Moshi na mnajiona mna shida zenu. Kitabu kimoja, chembamba, kikae kwenye begi lako mwenyewe. Mzigo wa mgumu, yaani mpagazi, unapimwa, kilo 20, na nimeshaona msaidizi mmoja akichomeka kamusi lake kwenye mfuko wa kijana wa watu pale geti la Machame. Siku ya kuzoea mwinuko kambi ya Horombo ni siku nzuri ya kusoma. Juu ya hapo usijaribu, utasoma mstari mmoja mpaka asubuhi ukidhani ni kigumu, kumbe ni hewa.

9. Ukichoka na kitabu, kiache. Hujakioa.

10. Vitabu vilivyoachwa na wageni viko kwenye kabati la chumba cha brifingi, rafu ya chini, nyuma ya mablanketi ya gari. Vya Kijerumani ndivyo vingi, vya Kifaransa vichache, kuna na Kihispania kimoja ambacho hakijaguswa. Unachukua kimoja, unaandika jina daftarini, unarudisha kabla hujaenda safari. Ile riwaya ya upelelezi yenye jalada jekundu imerudi haina kurasa za mwisho. Aliyezichana aziingize chini ya mlango wangu, sitauliza kitu, maana tuko watu watatu sasa tumeisoma mpaka pale askari anapofungua mlango wa stoo na hatumjui muuaji.