Oveni ya mezani ikigoma usikimbilie kuitupa, ila fyuzi usiiruke

Ramadhani moja nilikuwa na oda za mikate ya mayai na keki 4, oveni yangu ya mezani ikazima ghafla, taa haiwaki, koili (vile vyuma vya kupashia moto) haziwaki, kimya. Si unajua presha ya kupika vitu vya watu na Magharibi inakaribia. Nikaita fundi, akaja akafungua pembeni, dakika 15 nyingi ikawaka, nikamlipa nikamshukuru. Siku ya tatu niko sebuleni nikasikia harufu ya plastiki, binti yangu anaita mama njoo, nakuta kitasa cha moto kimelegea kama mshumaa, keki juu imekuwa mkaa katikati bado uji, na ukuta nyuma ya oveni umeanza kubadilika rangi. Nikazima swichi ya ukutani mikono inatetemeka kwakweli.

Ilivyopoa nikaifungua mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani. Pembeni kwenye bati la ndani kuna kisoksi cheupe cha nyuzi, na ndani ya kile kisoksi fyuzi ya joto hamna. Imekatwa, nyaya mbili zimesokotwa zikazungushiwa tepu nyeusi. Dairekti. Yani kitu kilichowekwa pale kuzuia nyumba isiungue kilifanya kazi yake kikakata umeme, mtu akakitoa ili mimi nione oveni imepona.

Toka siku hiyo nimejifunza, nimetengeneza ya kwangu, ya mama mkwe na za majirani kadhaa hapa Tanga, na hizi oveni ndugu zangu ni vitu vya kawaida sana ndani. Umeme unatoka ukutani, unapita plagi, waya, fyuzi ya joto, taima, themostati (ile inayokata na kurudisha moto ili joto libaki pale ulipoliweka), ile swichi ya kuchagua juu au chini, unafika kwenye koili, unarudi. Basi. Ukiufuata kwa mpangilio huo utakuta palipokatika.

Kabla ya yote, chomoa plagi. Sio kuzima swichi tu, chomoa uiweke mbele yako uione, alafu subiri ipoe kabisa. Na hapa nazungumzia oveni ya koili, sio maikrowevu! Maikrowevu ina kapasita ndani inayobaki na umeme wa kuua hata ikiwa imechomolewa, kwahiyo hiyo usiifungue kama hujasomea. Vifaa vya oveni ni bisibisi ya nyota, plaizi, msasa mlaini na mita ya kupimia umeme, zile za bei ndogo za njano zinatosha. Piga picha kwa simu kabla hujachomoa waya wowote, mimi mara ya kwanza sikupiga nikakaa usiku kucha na nyaya 6 zinazofanana.

Anza na plagi. Watu wanaruka hapa wanaenda moja kwa moja kwenye koili. Oveni ya wati 1600 kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta kama ampea 7 muda wote inapowaka, sasa skrubu ikilegea kidogo tu ndani ya plagi panachemka, waya unakuwa mweusi, plastiki inalainika. Baada ya kuoka chomoa plagi uishike, ikiwa ya uvuguvugu sawa, ikiwa ya moto huwezi kuishikilia kuna tatizo, ama plagi ama soketi. Kata sehemu ya waya iliyoungua mpaka ukutane na shaba inayong'aa, funga upya kwenye plagi mpya nzuri. Ikiwa soketi ndo imelegea badili soketi, plagi mpya kwenye soketi mbovu itaungua tena mwezi ujao. Na ekstensheni ya waya mwembamba ile ya kuchajia simu na kuwashia TV usiitumie kwa oveni, tafadhali.

Koili sasa. Oveni ikiwaka juu tu au chini tu, weka slesi za mkate zijae wavu mzima, washa juu na chini dakika 5 alafu toa uangalie pande zote mbili, mkate utakuonyesha kabisa upande gani hauna moto. Ukishajua, chomoa oveni, fungua bati la pembeni uangalie kwanza vichwa vya koili pale waya unapochomekwa. Mara nyingi koili ni nzima, kilichoungua ni ile klipu ya chuma, imelegea ikapiga cheche mpaka ikawa na ukoko mweusi. Kwangu ilikuwa hivyo, klipu moja tu. Sugua kichwa cha koili kwa msasa mpaka king'ae, weka klipu mpya ibane na plaizi mpaka ikikaa haitikisiki. Usichomelee kwa risasi, ile risasi inayeyuka kwa joto la mle ndani. Na tepu ya umeme haina kazi mle, wala waya wa kawaida wa nyumba, plastiki yake haihimili. Unahitaji waya wenye kisoksi cha nyuzi au silikoni, na kama dukani haupo kaombe kwa mafundi wanaokusanya oveni na majiko ya umeme yaliyokufa, wanao mwingi.

Kama klipu ni nzima ndo pima koili, chomoa upande mmoja wa waya kwanza la sivyo mita itakudanganya. Hesabu yake ni rahisi, volti mara volti gawanya kwa wati. Koili ya wati 800 kwa volti 230 inatakiwa isome kama omu 66 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Mita isiposoma kitu imekatika. Ila kuna kitu kilinisumbua wiki nzima, kwenye oveni yangu koili mbili za juu zimeunganishwa moja baada ya nyingine, kila moja inasoma 33 hivi, na ikikatika moja zote mbili zinazima. Mimi nikadhani zimekufa mbili. Kwahiyo pima kila moja peke yake, na ukienda kununua nenda na ile mbovu mkononi, urefu ulingane, wati zilingane na volti zilingane, mana hizi zinazounganishwa hivi kila moja huwa ya volti 115, ukiweka ya 230 katikati yao utapata moto wa ajabu ajabu. Zile za bomba la kioo cheupe zibebe kama mayai.

Taima inakufa kwa kuzungushwa vibaya. Ile ya springi inayolia ngriii, ukitaka dakika 5 zungusha mpaka ipite 10 alafu urudishe, springi inashika vizuri. Ikizunguka ila oveni haiwaki, pima miguu yake miwili ikiwa imezungushwa, isiposoma badilisha, ni spea ya kawaida ila angalia ampea zake zisipungue zile za zamani.

Sasa nirudi kwenye fyuzi ya joto mana ndo iliyonifanya niandike. Ni kidude kidogo kama punje ndefu ya chuma, kina maandishi pembeni, yangu ilikuwa 240°C na 10A 250V. Joto la pale kilipo likifika hiyo namba kinakatika na hakirudi tena, sio kama sakiti breka unayoinyanyua. Bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda kuinunua. Nunua yenye namba zilezile, isiwe ya joto kubwa zaidi eti ili idumu. Iungwe kwa kubana na kibomba cha chuma, usiichomelee kwa sababu joto la kuchomelea linaikata hapohapo mkononi mwako, alafu irudishe ndani ya kisoksi chake na mahali pake palepale inapogusa bati.

Ila fyuzi haikatiki hivihivi. Hapo ndo fundi wangu alipokosea mara mbili. Ilikatika kwa sababu joto lilipanda kupita kiasi, na joto lilipanda kwa sababu themostati ilikuwa imeganda. Ndani ya themostati kuna vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, vikipigwa cheche miaka mingi vinashikana vinagoma kuachana, oveni inawaka tu bila kupumzika. Fyuzi ikaliona hilo ikakata. Akaitoa, ikabaki oveni haina breki hata moja.

Kwahiyo ukikuta fyuzi imekatika angalia themostati kabla hujaweka mpya. Zungusha kitasa taratibu sikiliza, lazima kuna sehemu inalia tik. Chomoa nyaya zake upime, ikiwa kwenye zima kabisa bado mita inasoma, imeganda. Nyingine hazina zima, zinaanzia joto la chini, hizo pima kwa kuweka fyuzi mpya, funga oveni vizuri, washa ikiwa tupu kwenye 150, usiondoke, kaa hapo na kiti, baada ya dakika chache utasikia tik na koili zitafifia. Zisipofifia, zima, themostati inatakiwa mpya. Kuna wanaosugua vile vipande kwa msasa, nilijaribu ikaniendea miezi 2 ikaganda tena, sishauri.

Kitu kingine cha huku kwetu pwani, oveni inapiga shoti. Unaigusa unasikia mchomo, au ukiiwasha tu sakiti breka ya nyumba nzima inaanguka. Inatokea sana masika hasa oveni ikikaa miezi bila kutumika. Sababu ni kwamba zile koili za bomba la chuma zimejazwa unga mweupe unaotenganisha waya wa moto na bomba, na ule unga unavuta unyevu kama chumvi inavyofanya. Ukilowa umeme unavuja mpaka kwenye bati. Chomoa nyaya, weka mita mguu mmoja kwenye kichwa cha koili mwingine kwenye bomba lake, haitakiwi isome chochote. Ikisoma, toa koili uikaushe kwenye oveni nyingine kwa moto mdogo wa 120 hivi masaa kadhaa, pima tena. Zangu mbili zilipona, moja ilikuwa na ufa ikabidi nibadilishe. Na kuwa muwazi na nafsi yako, mita ndogo haioni uvujaji wote, breka ikiendelea kuanguka baada ya hapo mpelekee fundi mwenye kipimo kikubwa.

Alafu ethi, yani waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini! Yule mguu mrefu wa juu wa plagi yetu ndo ethi, pima kutoka pale mpaka kwenye bati tupu lisilo na rangi, inatakiwa isome karibu na sifuri. Nimekuta nyumba nyingi wanachomeka plagi ya miguu miwili ya duara kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu. Oveni inawaka ndio, lakini ethi haipo popote, siku koili ikivuja njia ya umeme ni mkono wako, na jikoni tunasimama peku kwenye sakafu yenye maji. Kata hiyo plagi weka ya miguu mitatu, ule waya wa kijani na njano uende juu.

Na kwa wenye ndugu Marekani. Jirani yangu alitumiwa oveni nzuri na shangazi yake, wamebadilisha plagi wakaiwasha, ikawaka nyeupeee sekunde kadhaa ikafa. Ile ni ya volti 120. Ukiipa 230 koili zinavuta nguvu karibu mara 4 ya zilizopangiwa. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka, kikisema 120V tu unahitaji transfoma kubwa inayobeba wati zote za oveni na zibaki, na ukishapiga bei ya hilo litransfoma mara nyingi ni afadhali ununue oveni ya hapa. Ile ya jirani tuliivunja tukachukua nyaya na springi za mlango, ndo zilezile nilizomfungia mama mkwe ambaye mlango wake ulikuwa haufungi.

Ukishamaliza kutengeneza usiamini namba za kitasa, zipime kwa sukari. Sukari inayeyuka kwenye kama 186. Weka kijiko kimoja cha sukari kwenye karatasi ya foili, oveni iwe imeshapata moto kwenye 175, acha dakika 15, inatakiwa ibaki punje. Weka nyingine kwenye 190, hiyo inatakiwa iyeyuke. Ya kwangu na themostati mpya iliyeyusha kwenye 175, maana yake inazidisha. Themostati nyingine zina kaskrubu kadogo katikati ya kijiti cha kitasa unarekebisha kidogokidogo, yangu haina, kwahiyo nimeshusha kitasa nikarudia na sukari mara 4 mpaka nikapata mahali inapobaki punje, nikaweka alama pale kwa rangi ya kucha nyekundu, iko kwenye 160, na keki zangu zote sasa naziweka hapo.