Robo ya gunia: nilivyojifunza kuwafundisha wanangu nyumbani bila kengele

Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona tarehe 17 Machi 2020, mwanangu mkubwa alikuwa darasa la tatu, na mdogo wake ndiyo kwanza anazishika silabi darasa la kwanza. Tunaishi Iyunga, Mbeya, na nina duka dogo la nafaka mbele ya nyumba. Hakuna aliyejua tutakaa hivyo mpaka lini. Shule za msingi zilikuja kufunguliwa tarehe 29 Juni, zaidi ya miezi mitatu baadaye, na kile nilichokiokota katika miezi ile nakitumia mpaka leo kila Jumamosi na kila likizo. Nakiandika kwa sababu kila Juni ikikaribia, akina mama wenzangu wananiuliza: likizo hii watoto tuwafanyeje?

Nianze na kosa langu. Wiki ile ya kwanza nilibandika ratiba ukutani. Saa mbili Hisabati, saa tatu Kiswahili, saa nne uji, halafu masomo tena mpaka saa nane mchana. Niliwavalisha sare kabisa, nikawaketisha mezani. Siku ya tatu mdogo akaanza kuumwa tumbo kila ikigonga saa mbili. Mkubwa alikuwa ananakili maswali kwa mwandiko mzuri, chini ya kila swali ameacha nafasi tupu. Mimi huku mteja anagonga sarafu dukani, huku nafoka. Ijumaa nilimfokea mtoto wa miaka saba kwa kuchanganya "ba" na "da" mpaka akalia kwikwi. Jambo hilo bado linaniuma. Alikuwa hajakosa kitu. Hizo herufi mbili ni umbo moja lililogeuziwa upande, na watoto wengi wa umri ule huzichanganya kisha zinakaa zenyewe.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba ratiba ya shule imetengenezwa kwa ajili ya shule. Mwalimu mwenye watoto sitini anahitaji kengele, la sivyo siku haiendi. Nyumbani una wawili au watatu. Mtoto hasubiri wenzake wamalize, hasubiri daftari lisahihishwe, swali lake linajibiwa palepale. Kazi ya kipindi kizima inaweza kuisha kwa dakika ishirini, na ukimlazimisha akae saa nzima, hizo arobaini zinazobaki unamfundisha kuchukia daftari tu.

Mwezi wa nne mama mkwe akapiga simu kutoka Isongole, kule Uporoto, barabara ya Tukuyu. Viazi vilikuwa vinachimbwa na mikono haitoshi. Nikafunga duka siku nne, tukapanda.

Sikwenda kule kufundisha, nilikwenda kusaidia kazi. Siku ya pili wakaja wanunuzi, na kama mnavyojua wakulima wa viazi wa huku kwetu, gunia halifungwi likiwa limejaa tu. Linajazwa mpaka shingoni, kisha wapakiaji wanasuka kamba juu na kuongeza kilima kingine. Lumbesa. Ni marufuku kisheria, na wakulima wanaendelea kuumia nayo. Mwanangu mkubwa alikuwa amekaa juu ya tuta, anahesabu madebe kwa kuweka kijiti kimoja kila debe likimwagwa. Gunia la kwanza lilimeza madebe sita, wakasuka kamba, wakaongeza mawili. La pili hivyo hivyo.

Akamuuliza bibi yake, "Bibi, haya mawili ya juu wanayalipia?"

Bibi akasema, "Hapana mwanangu. Bei ni ya gunia."

Mtoto akanyamaza. Akachora mstatili mrefu kwenye vumbi, akaugawa vipande vinane, akavifuta viwili kwa kiganja. Akaviangalia. Akavihesabu vilivyobaki viwili viwili, akarudi nyuma kidogo, kisha akaniita kwa sauti iliyowafanya hata wapakiaji wageuke: "Mama, ni robo! Wanachukua robo!" Kabla sijajibu alishaanza kuhesabu tena kwa vijiti, na baada ya muda akatangaza kwamba katika kila magunia manne ya lumbesa, moja zima limekwenda bure. Nilipiga hesabu kichwani. Magunia manne ni madebe thelathini na mawili, yaliyolipiwa ni ishirini na manne, yanabaki manane. Gunia zima.

Huyu ndiye mtoto ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa analia kwa sababu ya somo la sehemu. Alikuwa anajua kuandika moja juu ya nne. Hakuwa amewahi kuona robo ikimuuma mtu anayempenda.

Nikajisikia kumpa maswali kumi ya sehemu palepale, wakati akili bado ina moto. Bibi yake akanishika mkono, akaniambia nimwache. Namshukuru mpaka leo. Kesho yake mtoto mwenyewe aliazima mizani ya jirani apime debe lililosawazishwa ukingoni na debe la kilima, akakuta kilo 14 na kilo 17, akaandika.

Tuliporudi Iyunga nilibandua ratiba ukutani. Lakini hapo nikafanya kosa la upande wa pili, na nalo nilitaje kwa sababu wengi wetu huangukia huko. Nilijiambia basi, watoto watajifunza wenyewe, nikalegeza kila kitu. Wiki mbili walicheza tu. Mdogo alipofungua kitabu tena alikuwa anakwama kwenye "nya" na "ng'a" ambazo tulikuwa tumeshazimaliza. Mtoto wa darasa la kwanza ana kumbukumbu changa. Asipogusa kusoma siku kumi, anarudi nyuma.

Tangu hapo nyumbani kwetu mengi yanalegea, ila mawili hayalegei. La kwanza ni kusoma kwa sauti kila siku, hata kama ni dakika kumi, hata siku ya msiba, hata siku ya wageni. La pili ni daftari moja la kila mtoto, ambalo kila siku linaandikwa kitu kimoja alichokiona, alichokipima au alichojiuliza. Mengine yote, yaani saa ya kuanza, somo la siku, mezani au shambani, tunaamua asubuhi kulingana na hali ya siku. Mwezi wa sita Mbeya, kwa mfano, simlazimishi mtu kushika kalamu saa mbili asubuhi wakati vidole vimekufa ganzi. Tunakunywa uji, tunasubiri jua lipande, saa nne tunatoka na mkeka nje, tunaota jua na kusoma hapo hapo.

Kuhusu kusoma niseme kidogo zaidi, maana ndiko nilikodanganyika muda mrefu. Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akizishika silabi anaweza kukusomea ukurasa mzima wa gazeti bila kukwama, na ukafurahi, ukawaita majirani, kumbe hajaelewa hata mstari mmoja. Mwanangu mdogo alifanya hivyo. Alisoma kwa ufasaha habari ya sungura na kisima, nikamuuliza sungura alitaka nini, akaniangalia tu. Kwa hiyo sasa akimaliza simuulizi maswali ya mtihani. Namwambia, "Nisimulie." Akisimulia kwa maneno yake, ameelewa. Akikariri sentensi za kitabu, tunarudi pamoja. Vitabu visikusumbue: Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada vya shule za msingi unapakua bure kwenye simu, gharama yako ni bando. Kurasa chache unazozihitaji sana unaweza kuzichapisha steshenari. Na kila maandishi ni kitabu: paketi ya chumvi, risiti ya luku, meseji ya baba akiwa safarini. Baba yao anaendesha lori, na barua fupi alizowaandikia kwa simu zilisomwa kuliko kitabu chochote.

Daftari nalo lilianza na mvua. Tulichukua kopo la maziwa lenye kuta zilizonyooka, tukaliweka uwanjani mbali na paa, na kila asubuhi mdogo anatumbukiza rula na kuandika milimita. Kopo likiwa limenyooka kuanzia chini mpaka juu, kina cha maji ndicho kipimo cha mvua yenyewe, huhitaji kifaa kingine. Mwisho wa mwezi wa nne palikuwa na namba kubwa. Mwezi wa tano zikapungua, kisha kopo likaanza kukutwa kavu. Asubuhi moja akagoma kuandika. "Kwa nini niandike wakati hakuna kitu?" Nikamuuliza: kesho ukiangalia nafasi tupu, utajuaje kama mvua haikunyesha, au ulisahau kupima? Alikaa muda mrefu na hilo swali, kidole kiko ndani ya kopo. Kisha akaandika 0, kubwa, akaipigia mstari. Sidhani kama ningeweza kumwelewesha sifuri vizuri kuliko vile kwa maneno yangu.

Na mkubwa alipouliza treni ya TAZARA inayopita huku kwetu inatoka wapi na inakwenda wapi, tulichora reli kwa mkaa kwenye sakafu ya varanda. Reli ile ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, na ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Tulikubaliana hatua moja ni kilomita mia. Akatembea kutoka "Dar" mpaka "Mbeya", hatua nane na nusu hivi, akashangaa kwamba bado hajafika hata katikati. Hatua zilizobaki zilimtoa varandani mpaka kwenye banda la kuku, na mpaka leo banda hilo linaitwa Kapiri Mposhi.

Sasa maonyo mawili. Kujifunza kupitia kazi kusigeuke kuwa utumishi. Mtoto aliyebeba ndoo kumi za maji hajasoma somo la ujazo, amechoka tu. Pale Isongole wanangu walifanya kazi asubuhi kidogo, na aliyegundua robo aliigundua akiwa amekaa juu ya tuta bila kazi yoyote. Muda wa kukaa bure ni sehemu ya mafunzo. Mzazi anayesema "anajifunza maisha" huku mtoto anauza karanga stendi mpaka usiku, simuungi mkono.

Onyo la pili: usigeuze kila pumzi kuwa somo. Kuna jioni nilikuwa nimeshaanza kuuliza mkungu huu una vichana vingapi, kila kichana ndizi ngapi, mkubwa akaniambia kwa upole, "Mama, leo naomba tule tu." Alikuwa na haki. Tukala.

Wengine wananiuliza kama basi niwatoe shule moja kwa moja. Jibu langu ni hapana, na sababu ya kwanza ni sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule na kuhakikisha anahudhuria, na upimaji wa darasa la nne anaufanya kupitia shule yake. Sababu ya pili ni wenzake: wanangu walipata mengi nyumbani, ila hawakupata mtu wa kucheza naye rede wala wa kubishana naye kwa usawa. Ninachokifanya mimi kinakaa pembeni ya shule, kwenye zile saa ambazo shule haina. Na nimeacha kuwapeleka tuisheni ya Jumamosi, ambako walikuwa wanarudia yale yale ya Ijumaa wakiwa wamechoka. Huo ni uamuzi wangu. Mwenye mtoto anayehitaji msaada wa somo fulani asiniige bila kuangalia hali yake.

Kama huna muda kabisa, na wengi hatuna, anza na zile dakika kumi za kusoma, jioni, wakati ugali unasongwa. Mtoto asome, wewe usikilize ukiwa na mwiko mkononi. Dada wa kazi naye akae asikilize, mara nyingi anafaidika kuliko wote. Bibi kama yupo mwachie simulizi. Mama mkwe wangu huwasimulia kwa Kinyakyusa, nao wanaandika kwa Kiswahili kwenye daftari, na hapo mkubwa ndipo alipogundua kwamba kuna maneno hayahamishiki yalivyo.

Likizo ya Juni mwaka huu tunakwenda Mbozi, mkoa wa Songwe, kuona kimondo. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, lililoanguka kutoka angani zamani mno. Watoto wamekua, lakini utaratibu ni ule ule: maswali yanaandikwa kabla ya safari. Mkubwa anataka kujua kwa nini hakijaota kutu kikaisha. Mdogo ameandika moja tu, na ameniomba nisilijibu mpaka tufike: "Waliokuwa karibu walisikia sauti gani?"