Je, darubini ya shule inaweza kuthibitisha sayari ya nyota nyingine?

Swali: Ninafundisha fizikia Mbarara. Shule yetu ina darubini yenye kioo cha sentimita 20 pamoja na kamera. Chombo cha TESS, setilaiti ya NASA inayotafuta sayari za nyota nyingine, kikionyesha kwamba nyota fulani huenda ina sayari, je, tunaweza kuithibitisha tukiwa hapa?

Jibu: Mwalimu, darubini yenu inaweza kufanya kazi ambayo TESS yenyewe haiwezi, ingawa hiyo ni hatua moja tu ya uthibitisho. Kila pikseli ya TESS hufunika sekunde 21 za tao angani (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), hivyo nuru ya nyota kadhaa huchanganyika. Ikipungua kwa asilimia 1, huenda sayari imepita mbele ya nyota inayochunguzwa, au huenda pembeni yake zipo nyota mbili hafifu zinazozungukana na kukingana. Ninyi mnaweza kuzitenganisha. Kwa hiyo pimeni pia kila nyota jirani, kwa sababu kugundua kwamba inayofifia ni jirani ni matokeo kamili, tena yanaokoa muda mwingi wa darubini kubwa.

Kwa mazoezi, anzeni na sayari inayojulikana tayari, WASP-43 b, ambayo hupita mbele ya nyota yake kila baada ya saa 19 na nusu hivi, na hukinga takriban asilimia 2.5 ya nuru kwa muda wa saa moja na dakika chache. Januari na Februari, wakati wa kiangazi, nyota hiyo hupanda karibu na utosi kwenu.

Hapo ndipo penye mtego. Kama darubini yenu imefungwa kwenye kitako cha Kijerumani (aina ya kitako kinachofuata mzunguko wa nyota), italazimika kugeuzwa nyota inapovuka meridiani, yaani mstari wa kaskazini hadi kusini unaopita utosini, na baada ya hapo nuru huangukia pikseli nyingine. Vipimo huruka ghafla, na mruko huo hufanana mno na mwanzo au mwisho wa mpito, yaani sayari kupita mbele ya nyota. Chagueni usiku ambao mpito unamalizika kabla ya kugeuza. Legezeni fokasi kidogo ili pikseli zisijae, na mlinganishe na nyota zenye rangi na mwangaza unaokaribiana.

Kinachobaki ni uzito wa kitu kinachopita. Nyota ndogo kabisa zina kipenyo kinachokaribia cha Mshtarii, kwa hiyo kina cha mpito (kiasi cha nuru kinachokingwa) pekee hakizitofautishi na sayari. Ni myumbo wa nyota mama, inapovutwa na kitu kinachoizunguka, unaoamua, nao hupimwa kwa spektrografu (kifaa kinachotawanya nuru katika rangi zake) kama HARPS iliyoko La Silla, Chile.